Mafiga ya Darubini

Siku ya kugawa vitu vya baba mkubwa, kikao cha ukoo kilimaliza habari ya ng'ombe asubuhi, kikamaliza habari ya mashamba kabla ya chakula cha mchana, kisha kikakwama kwenye darubini. Wazee hawakuitaka, lakini hakuna aliyekuwa tayari kulisema hilo mbele ya mjane. Ilikuwa imelazwa juu ya mkeka katikati ya uwanja: bomba jeupe nene kama ndoo, refu kama mtoto wa darasa la kwanza, kichwa cha chuma chenye meno ya gurudumu na alama za nyuzi, na stendi ya miguu mitatu iliyokunjwa. Mmoja wa baba zangu wadogo aliuliza kama bomba hilo haliwezi kugeuzwa pampu ya kumwagilia nyanya. Watu wakacheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka kwenye msiba ambao machozi yake yamekwisha.

Baba mkubwa alikuwa mwalimu wa fizikia mjini Bariadi, na kila Ijumaa jioni alirudi nyumbani kwake upande wa Nkololo. Darubini aliachiwa na mwalimu wa kigeni aliyekuja kujitolea shuleni zamani, ambaye siku ya kuondoka aliona mzigo ni mkubwa kuliko ndege yake. Kwa miaka mingi baba mkubwa aliitoa nje jioni za kiangazi. Alipoanza kuugua aliirudisha stoo, kati ya magunia ya pamba, na haikutoka tena hadi siku ile ya mkeka.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya ualimu wa fizikia na hisabati, na nilikuwa nikijitolea kufundisha katika shule ileile aliyostaafia yeye huku nikisubiri ajira. Nilisimama nikasema kwamba naitaka. Nilisema kwamba chombo cha kutazamia hubaki na heshima yake pale tu kinapotazamiwa, na kwamba kwa kamera tungeweza kuwaonyesha watu wa hapa anga lao wenyewe badala ya kuwaachia picha za anga zilizopigwa na wengine. Wazee walinisikiliza kwa uvumilivu ambao kwetu huwekwa kwa ajili ya watoto waliosoma.

Ndipo mkuu wa shule, aliyealikwa kama rafiki wa marehemu, naye akasimama. Aliomba darubini iende maabara. Angeitengenezea kabati la kioo, akaiweka humo na jina la mwalimu aliyeitumia. Lilikuwa ombi jema, lililosemwa na mtu mwema, na niliona wazee wakipumua. Kabati la kioo walilielewa.

Mjane alisema mwisho. Ni mama yangu mkubwa, nasi tunamwita Mayu, kama Wasukuma tunavyomwita mama.

"Huyu mume wangu aliniita nje miaka yote," alisema. "Njoo uone, njoo uone. Mimi nina sufuria motoni. Mpaka nigeuze ugali, niepue, nifute mikono, nikifika ananiambia, imeshaondoka, subiri niitafute tena. Nikisubiri, mboga inaungua. Sijawahi kuona hata nyota moja ndani ya bomba hilo." Akanigeukia. "Wewe umesema litapiga picha. Picha haiondoki. Basi niletee moja. Ila iwe ambayo nikiiangalia najua ni hapa kwetu. Ukiileta kabla pamba haijaisha shambani, bomba ni lako. Usipoileta, mwalimu mkuu ataliweka kwenye kioo chake."

Nilikubali palepale. Pamba ilikuwa ndiyo kwanza inapasuka, fizikia niliijua, na anga la kiangazi la Simiyu halina wingu. Sikuona ni kitu gani kingenizuia.

Nikawa naondoka Bariadi kila mwisho wa juma kwa bodaboda, kamera ikiwa tumboni ndani ya sweta. Kazi ya kwanza ilikuwa kioo. Chini ya bomba kuna kioo kipana kilichopinda kidogo, nacho kilikuwa na utando wa vumbi na nyuzi za buibui. Kioo cha namna hiyo hakipanguswi na kitambaa. Hukwaruzika, na mkwaruzo hauponi. Nilikiosha kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri, kisha nikahitaji pamba. Stoo ilikuwa na magunia ya pamba, lakini pamba ya shambani ina vipande vya majani na mbegu ngumu. Kwa hiyo, katika mkoa ambao kila nyumba inalima pamba, nilikwenda duka la dawa kununua pamba. Mayu aliiona pakiti ile akaigeuza mara mbili mkononi, kisha akanirudishia.

Kazi ya pili ilikuwa kutafuta uzani. Kichwa cha darubini hushika bomba upande mmoja na vyuma vizito upande wa pili, vikilingana kama mizani, la sivyo mota ya kukizungusha inaelemewa. Fimbo ya kuvishia vyuma hivyo ilikuwepo, vyuma vyenyewe havikuwepo. Nilipekua stoo, nikapekua banda la mbuzi, na hatimaye nikajaza mchanga kwenye dumu dogo na kulining'iniza kwa kamba. Siku hiyohiyo alasiri nilipita kwenye mwamba ambapo Mayu huanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu tunavyokausha kwa ajili ya miezi ya njaa. Turubai lilikuwa limetandazwa vizuri, na pembe zake mbili zilikandamizwa na mawe. Pembe mbili nyingine zilikandamizwa na vyuma vya mviringo vyenye tundu katikati.

"Nilidhani ni vya trekta," Mayu alisema. "Vizuri sana hivyo. Havisogei."

Nilimletea mawe mawili mazuri, nikachukua vyuma vyangu. Akayatazama yale mawe kwa mashaka.

"Michembe yangu ikipeperuka," alisema, "najua pa kuuliza."

Mwezi ulikuwa rahisi. Niliweka simu mbele ya lenzi, nikatuliza mkono, na mashimo ya mwezi yakatokea wazi hata kingo zake zikaonekana. Niliwaonyesha watu waliokuja kuchukua maji kisimani kwetu. Mzee mmoja aliishika simu mbali na macho yake, akaisogeza, akairudisha.

"Hii umeitoa kwenye simu," alisema.

"Ndiyo, mzee, nimeipiga kwa simu."

"Si ndivyo nilivyosema."

Nyota zilitaka zaidi ya simu. Kamera niliachiwa na mwenzangu wa chuo aliyekwisha pata bora kuliko hiyo. Pete ya kuifunga mahali pa lenzi ya kutazamia ilichongwa na fundi wa vyuma mjini, ambaye alinitaka nimweleze mara tatu ninachokwenda kupiga ndipo akubali kuwasha mashine. Mota niliiendesha kwa betri ya pikipiki. Kwenye kisanduku cha mota kulikuwa na swichi yenye pande mbili, upande wa kaskazini ya dunia na upande wa kusini, na baba mkubwa alikuwa ameifunga kwa plasta ya kidonda upande wa kusini ili mtu asije akakosea. Niliiacha plasta yake pale ilipokuwa.

Jioni ya kwanza nilipata mistari. Kila nyota ilikuwa imechora mstari mfupi, kama konokono aliyepita ukutani. Sababu niliifahamu. Nyota ni hafifu, kamera lazima ikae wazi kwa muda, na muda huo dunia inazunguka nasi juu yake. Kazi ya kichwa kile cha chuma ni kuzunguka kinyume, taratibu, ili nyota ibaki mahali pamoja. Lakini hakiwezi kufanya hivyo mpaka mhimili wake uwe sambamba na mhimili wa dunia. Huko kwao mwalimu yule wa kigeni, mhimili huo ulielekea juu, katikati ya anga la kaskazini, na ipo nyota inayouonyesha. Sisi tupo karibu kabisa na Ikweta, upande wa kusini kidogo. Kwetu mhimili wa dunia umelala. Unatokea kusini, juu kidogo tu ya ardhi, na hakuna nyota kali inayosimama mahali hapo. Skrubu ya kuteremsha mhimili ilifika mwisho wake mapema, ikagoma. Aliyekiunda chombo kile hakuwa ametufikiria.

Dawa yake ilikuwa wazi: kuinua mguu mmoja wa stendi, ule wa kaskazini, ili chombo kizima kiiname kuelekea kusini. Nilichagua ngitili, eneo la nyasi ambalo kila familia hulihifadhi kwa ajili ya mifugo ya kiangazi, kwa sababu lilikuwa wazi pande zote. Nikaweka matofali chini ya mguu. Udongo wa ngitili ni laini na umejaa mashimo ya mchwa. Tofali lilididimia upande mmoja, nikaongeza jingine, nalo likafuata. Nikipata mwelekeo mzuri jioni moja, kesho yake naanza upya, kwa kuwa ng'ombe wamepita na matofali yamekwenda kila moja na njia yake. Mistari ikawa mifupi zaidi. Ikabaki kuwa mistari.

Huku nyuma pamba ilikuwa ikiisha. Kila nilipofika niliona shamba limepungua weupe na stoo imeongezeka magunia. Jumamosi moja nilikaa barazani na Mayu na jirani yake, mama mmoja mwenye sauti ya kuvuka korongo, tukichambua pamba: safi huku, ya njano na yenye uchafu kule. Jirani huyo ndiye anayeongoza wapishi kwenye kila msiba na kila harusi ya kitongoji, na hana mtu anayemwogopa.

"Mwalimu," aliniambia, "umefikia wapi na bomba lako?"

"Bado linanipa mistari, mama."

"Wenzako wanatafuta wachumba, wewe unatafuta nyota. Nyota ziko palepale, wala hazikimbii."

"Zinakimbia. Ndiyo shida yenyewe."

"Kumbe ni kama wachumba."

Mayu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba, na jirani naye alilitambua hilo, maana alikiacha kicheko kiishe chenyewe. Kisha akauliza shida hasa ni nini. Nikamwambia habari ya matofali, na jinsi stendi inavyoinama vibaya.

"Usinieleze mimi mambo ya kuinama," alisema. "Siku ya msiba nilikuta mafiga nyuma ya jiko hapo, yamekaa tayari. Nikasema Mungu ametuhurumia, hatuhangaiki na mawe. Nikapachika sufuria kubwa la wali. Likainama lote kuelekea jikoni, maji yanataka kumwagika. Figa moja refu, kama limetumwa. Ikabidi niite vijana walichimbie chini, ndipo tukapika."

Nilikuwa nimeshika konzi ya pamba, na niliendelea kuishika.

"Hilo refu lilikuwa upande gani?"

"Upande gani tena. Upande wa huko." Akaonyesha kwa midomo, mbali na jiko, kuelekea kaskazini.

Sikuaga. Nilichukua jembe. Nyuma ya jiko, mahali nilipopita kila siku nikienda ngitili, yalikaa mawe matatu meusi kwa masizi, na kati yake majivu ya msiba yaliyokwisha kushikana kwa jua. Mtu yeyote wa kwetu angeona anachokijua: mafiga. Mawe matatu uani ni mafiga, hakuna namna nyingine ya kuyafikiria, na mimi na shahada yangu nilikuwa nimeyaona hivyohivyo. Nilisugua moja kwa mchanga na majivu mpaka likarudi rangi yake. Juu yake palikuwa na kishimo kidogo cha mviringo, kilichochongwa kwa patasi. Nikasugua la pili. Kishimo. La tatu, lile lililozamishwa, nalo likatoa kishimo chake. Ncha ya mguu wa stendi niliyoleta ilizama ndani yake kama kidole kwenye pete.

Kulichimbua lile refu kulikuwa kazi ya alasiri nzima. Jirani alisimama akitoa maelekezo kwa vile yeye ndiye aliyelizamisha. Ubavuni mwa jiwe kulikuwa na mpaka: chini yake rangi ya udongo wa zamani, juu yake rangi ya jiwe lililopigwa na mvua miaka mingi. Tuliliinua hadi mpaka ule ukakaa sawasawa na ardhi, tukashindilia changarawe pembeni.

Mayu alikuja akiwa na kanga begani, akasimama.

"Nilidhani aliyapanga ya kukalia wageni," alisema. "Nilikasirika hata. Mawe ya wageni nyuma ya jiko." Akayatazama. "Mimi nilikuwa namwona mgongo tu, pale dirishani. Sikuwahi kuangalia amesimamisha nini juu ya nini."

Jioni ile miguu mitatu iliingia kwenye vishimo vyake, skrubu ikiwa mwisho kabisa, na mhimili ukainama hadi pale unapotakiwa, bila mimi kugusa kitu. Nilielekeza bomba juu ya kusini, kwenye kundi la nyota ambalo kwa macho huonekana kama nyota moja yenye ukungu. Nikafungua kamera, nikasubiri, nikafunga. Kwenye kioo kidogo cha kamera zikatokea nyota, duara kila moja, zimesongamana kama nafaka kwenye ungo. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Nilipiga tena kuhakikisha. Nilijua kwamba kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Asubuhi yake nilimwonyesha Mayu kwenye kompyuta. Jirani alikuwepo.

"Nzuri," Mayu alisema, na alimaanisha. Akaitazama muda mrefu. "Ni wapi?"

"Ni angani, Mayu."

"Najua ni angani. Anga la wapi?"

"Hapa. Juu ya ngitili yetu."

"Wapi pameandikwa?"

Jirani akadakia. "Hii hata mtu wa Mwandoya anaweza kuipiga," alisema. "Hata mtu wa Ulaya."

Alikuwa sahihi. Darubini yoyote, juu ya paa lolote duniani linaloliona kundi lile, ingetoa picha hiyohiyo. Kila nilichojifunza tangu kuanza kilikuwa kinaelekea huko: kuondoa mtikisiko, kuondoa mwanga wa taa, kuondoa ardhi, kuondoa mahali, mpaka ibaki nyota peke yake. Nilikuwa ninajivunia kuwapa watu anga lao, na nilichokuwa nimewapa ni anga lisilo la mtu. Mayu hakuwa amenidanganya wala kubadili masharti. Aliyasema siku ya kwanza mbele ya ukoo wote, nami nilisikia nusu yake.

Shambani ilikuwa imebaki mizunguko ya mwisho, ile ya kuokota vitumba vilivyochelewa.

Jumamosi iliyofuata nilisimamisha chombo mapema, kabla ya jua kuzama, bila kujua bado nitapiga nini. Kwa sababu mwanga ulikuwepo, kwa mara ya kwanza niliona mhimili unakoelekea. Nilipiga goti nyuma ya jiwe refu na kuufuata kwa jicho. Ulipita katikati ya mawe mawili mafupi, ukavuka uwanja, ukaishia kwenye ukuta wa jiko la Mayu, chini kidogo ya ukingo wa bati. Ncha ya mhimili, mahali ambapo anga lote la kusini huzungukia, ilikuwa ndani ya jiko lile, usawa wa dirisha alipokuwa akigeuzia ugali.

Sijui kama baba mkubwa alilipanga hivyo. Huenda alichagua pale kwa sababu ardhi ni ngumu na ng'ombe hawapiti. Sitamsemea.

Lakini nilijua la kufanya. Nilichomoa waya wa betri, mota ikanyamaza. Nikaifunga kamera mgongoni mwa bomba, ikiwa na lenzi yake ndogo ya kawaida, ikitazama jiko na anga juu yake. Nilikuwa nimepigana na mistari kiangazi kizima, sasa niliiachia.

"Mayu," nilisema dirishani, "leo pika kama kawaida. Usitoke, usizime taa."

"Nimewahi kuzima taa nikapika gizani?"

"Hapana, Mayu."

"Basi niache nipike."

Giza lilipoingia vizuri kamera ikaanza kazi yake, picha moja baada ya nyingine bila kupumzika, mpaka chakula kikaiva, kikaliwa, na vyombo vikaoshwa. Nilikula nikiwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mawe. Sikuwa na wasiwasi. Kila kitu nilichokuwa nikikihitaji kilikuwa tayari mahali pake: jiko, mawe, mzunguko wa dunia. Kazi yangu ilikuwa kutogusa.

Picha zile nilizipanga pamoja juma lile mjini, nikazifanya moja, nikaenda kuisafisha kubwa kwa mpiga picha wa pasipoti, ambaye aliikata kingo kwa uangalifu na kuuliza nani amekufa, kwa kuwa kwake picha za ukubwa huo ni za misiba. Niliifunga kwenye gazeti na kupanda bodaboda.

Mayu aliifungulia barazani. Chini palikuwa na jiko lake, dirisha likiwaka rangi ya kiini cha yai, moshi mwepesi ukitoka pembeni, na lile bati la tatu lililojikunja ambalo amekuwa akiomba libadilishwe tangu enzi nisizozikumbuka. Juu ya paa, kuanzia karibu kabisa na bati hadi mwisho wa karatasi, nyota zilikuwa zimechora vipande vya duara, moja nje ya nyingine, ndogo zikilikaribia paa na kubwa zikilikumbatia anga lote. Yeyote angeweza kufuata kwa kidole na kuona kitovu chake kiko wapi.

Alifuata kwa kidole.

"Hilo ni bati langu," alisema.

"Ndiyo."

"Na humu ndani nipo mimi."

"Upo. Ulikuwa unasonga ugali."

Kidole kilizunguka tena, polepole, kwenye duara la ndani kabisa. "Haya yote yanazungukia hapa?"

Nilimweleza habari ya mhimili, kwa maneno yaleyale ninayowaeleza wanafunzi wangu: kwamba kaskazini ya mbali unasimama juu, kwetu unalala, na kwa yule anayesimama kwenye mawe yale unapita jikoni kwake. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na yeye alikuwa ananiita nitoke," alisema.

Aliingia ndani akarudi na msumari.

Mkuu wa shule alikuja pamba ilipokwisha, kama alivyoahidi, na gari la shule la kubebea. Mayu alimkaribisha, wakasalimiana kirefu kwa Kisukuma, mwadila kwa mhola, wakaulizana habari za nyumba na za mifugo. Kisha akampeleka mbele ya picha ukutani, akamwacha aitazame bila kumsaidia. Mwalimu mkuu naye ni mtu wa sayansi. Nilimwona akikitafuta kitovu, akakipata, akavua miwani.

"Hii imepigwa hapa," alisema.

"Ndiyo maana haiondoki hapa," Mayu alimjibu. "Ile miguu ina mawe yake. Nikikupa bomba, mawe nitakupa vipi?"

Hakubishana. Aliuliza kama anaweza kuleta wanafunzi, akakubaliwa, mradi waje wamekula. Walikuja kidato kizima, nikawagawa kwa makundi. Kabati la kioo lilikuwa limekwisha tengenezwa, kwa hiyo tulikubaliana kuweka humo nakala ya picha, na jina la mwalimu wao wa zamani chini yake. Hilo niliona ni haki.

Muda si mrefu jirani aliposa mwali kwa ajili ya mjukuu wake, na siku ya kupokea wageni alikuja uani kwetu na sufuria kichwani, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko kwa mazoea. Mayu alimsimamisha kutoka dirishani.

"Hayo si mafiga."

"Toka lini?"

"Toka yalipowekwa. Mafiga njoo nayo kutoka kwenu."

"Mlinipikisha juu yake msiba mzima."

"Na sufuria likakwambia siyo. Hukusikia."

Jirani alikwenda kutafuta mawe, akilalamika kwa sauti ambayo korongo zima liliisikia.

Kisha mvua za kwanza zikanyesha, watu wakaanza kuandaa mashamba. Jioni moja anga lilifunguka baada ya manyunyu, safi, na upande wa mashariki Kilimia kikawa kimepanda, kile kishada kidogo cha nyota ambacho wakulima wamekitazama tangu zamani kujua kwamba msimu wa jembe umefika. Nilisimamisha miguu kwenye vishimo, nikawasha mota, nikaelekeza bomba, nikaweka lenzi ya kutazamia mahali pa kamera. Halafu nikaita.

"Mayu, njoo uone."

"Subiri nigeuze ugali."

Nilisubiri. Mota ilikuwa ikinguruma kwa sauti ya nyuki mmoja, ikirudisha nyuma kile ambacho dunia inapeleka mbele. Nilisikia mwiko, nikasikia sufuria ikiepuliwa, nikasikia maji ya kunawa. Alitoka akifuta mikono kwenye kanga.

"Ipo?" aliuliza kutoka mbali, bila kuharakisha hatua.

"Ipo."

Aliinama, akaweka jicho. Kwenye lenzi kile kishada kidogo kinakuwa nyota nyingi, za buluu, kila moja imetulia mahali pake. Alitazama kwa muda mrefu, na hakuna kilichoondoka.

"Kumbe ni hizi," alisema hatimaye, jicho likiwa bado palepale, "alizokuwa ananiunguzia mboga."